Anemoni Aje Mwisho

Mkaazi wa Meru au Embu atamaniye kuiweka bahari nyumbani mwake, ndani ya tangi la kioo lenye matumbawe na wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, hana budi kujua kwamba kiumbe aliye mgumu kuridhika ni anemoni wa baharini. Na wampotezao, aghalabu hawampotezi kwa kukosa mapenzi, bali kwa kumleta kabla ya wakati wake.

Anemoni si ua, ingawa umbo lake laghilibu macho. Ni mnyama, jamaa ya matumbawe na yavuyavu, ashikaye mwamba kwa wayo wake mmoja, mdomo ukiwa katikati na minyiri ikiuzunguka, na kila mnyiri umejaa vichomo vya sumu visivyoonekana kwa macho. Samaki wengine wakiugusa hudhurika, ilhali samaki wa anemoni, yule wa mistari myeupe, kwa ute uliomfunika mwili, huingia na kutoka kwa amani, hulala humo, na hutaga mayai kando ya wayo wa mwenyeji wake. Naye hulipa fadhila: huwafukuza samaki wajao kuitafuna minyiri, na taka zake humrutubisha mwenziwe. Masahibu hawa wapo katika miamba ya pwani yetu, nasi twaweza kuwatazama katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, ambamo ni marufuku kuondoa kiumbe chochote.

Fauka ya windo lake, anemoni huishi kwa nuru, kwani ndani ya nyama yake mna mwani mdogo mno umtengenezeao chakula. Joto likizidi, mwani huo hutoka na mnyama hugeuka mweupe, kama yalivyofanya matumbawe ya pwani ya Kenya mwaka 1998. Kwa hiyo tangi lahitaji taa yenye nguvu, na joto la nyuzi 25 hadi 27 lisiloyumba. Na kwa kuwa usiku wa nyanda za Mlima Kenya ni wa baridi, hasa Juni na Julai, hita ni ya lazima, pamoja na betri ya kuendesha pampu umeme ukatikapo.

Maji nayo yataka hadhari. Bahari i mbali, mamia ya kilomita kwa barabara, basi mfugaji huchanganya chumvi maalumu, takriban gramu 35 kwa kila lita ya maji yaliyochujwa kikamilifu. Maji yakipungua kwa mvuke huongezwa maji matamu, maana chumvi haipai. Na katika nchi hii ya kahawa, ambako mibuni hupulizwa dawa ya shaba kuzuia kutu ya majani, ndoo iliyowahi kubeba dawa hiyo isikaribie tangi kabisa: shaba kidogo tu, isiyoudhuru mbuni, humwua anemoni na matumbawe pia.

Hata hayo yote yakitimia, yafaa kungoja miezi 6, na mwaka ni bora zaidi, mpaka bakteria waenee mawe na mchanga na kugeuza amonia ya taka za samaki, na vipimo vionyeshe kwamba amonia na nitriti hazimo kabisa. Hapo ndipo achaguliwe anemoni ambaye minyiri yake hunata, mdomo wake umefumba, na wayo wake hauna jeraha, azoezwe maji mapya kwa matone kwa muda wa saa nzima, kisha awekwe penye ufa wa mwamba. Asipoparidhia mahali pale, atatembea: atayachoma matumbawe apitayo kando yake, na pampu isiyofunikwa kwa wavu itamvuta na kumchanachana, na mzoga wake utaharibu maji yote kwa usiku mmoja.

Huenda samaki wakakaa majuma kadhaa bila kumkaribia, wasilazimishwe. Samaki waliozaliwa matangini huishi vizuri bila anemoni, hivyo hakuna dharura yoyote ya kumharakisha kiumbe awezaye kuishi miongo mingi. Asiyeweza kungoja na afuge samaki na matumbawe tu. Aliyengoja na kupima ndiye mwenye haki ya kumwita mgeni huyu nyumbani.