Anayegonga Ukuta Usiku

Zipo siku ukisimama ufukweni Mbamba Bay unaona kama moshi mzito unapanda kutoka katikati ya Ziwa Nyasa, mahali pasipo na kijiji wala meli. Mgeni hudhani chombo kinaungua. Kumbe ni wadudu wadogo wasiohesabika, wameibuka majini na kuruka pamoja. Ng'ambo, Malawi, huitwa kungu, na watu huwakusanya wakawafinyanga kama mikate wakala. Fumbo hilo lina jibu, na likishajibiwa limekwisha. Ndivyo ilivyojengwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960: hofu ya mzimu inatanda, kisha Bwana Msa na kiko chake anautafuta mkono wa binadamu mpaka anaupata. Mwaka mmoja kabla, 1959, Mmarekani Shirley Jackson alitoa The Haunting of Hill House, ambayo hadi ukurasa wa mwisho haikuambii kama ule moshi ni moto au ni wadudu. Wapo wanaouona ukimya huo kuwa ni kasoro. Mimi nauona ndio uti wa mgongo wa riwaya, na msomaji wa huku kwetu Mbinga anao ufunguo wake.

Daktari Montague, mtafiti wa mambo ya mizimu, anapanga nyumba inayoogopwa, Hill House, na kuwaalika watu wachache wakae naye. Mmoja wao ni Eleanor Vance, mwanamke wa miaka 32 aliyemuuguza mama yake kwa miaka 11. Usiku aliokufa, mama aligonga ukuta kuomba dawa. Eleanor hana hakika kama hakusikia, au alisikia akarudi kulala. Sasa tazama Hill House inamletea nini: usiku wa manane, kishindo cha kugonga kuta na milango. Naye, usingizi haujamtoka, anamwitikia mama yake kwamba anakuja. Usiku mwingine, gizani, anaushika kwa nguvu mkono wa mwenzake Theodora. Taa inapowaka, Theodora yuko kitanda kingine. Jackson haelezi mkono ule ulikuwa wa nani.

Atasema mtu: huyu ni mgonjwa wa akili, basi. Lakini Theodora naye anausikia ule ugongaji wa milango, na maandishi yanayotokea ukutani yanaonekana na wote. Basi ni mzimu? Hapo napo kuna kizuizi. Eleanor alipokuwa na miaka 12, haujapita mwezi tangu baba yake afe, mawe yaliinyeshea nyumba yao kwa siku tatu, na ndiyo sababu Montague akamwalika. Huenda nguvu hiyo inatoka kwake mwenyewe, naye hajui. Kila ushahidi umewekwa kwa uangalifu ili uegemee pande zote mbili.

Pingamizi zito zaidi ni la anayesema: kwetu mizimu ipo, utata uko wapi? Nalichukulia kwa uzito. Ila kuamini mahoka, kama wazee wa huku Umatengo na Ungoni wanavyoiita mizimu ya ukoo, hakumalizi swali, ndipo linapoanza. Ni nani aliyekuja? Ana dai gani? Ni jambo gani halikutimizwa alipokufa? Kikao kinaitwa, ndugu wanaulizana, tambiko linafanyika, na mwenye lawama moyoni anapata mahali pa kuisemea. Eleanor hana kikao. Dada yake na shemeji wanamnyima hata gari ambalo alichangia kulinunua, mpaka analichukua kwa kificho. Hana shangazi wa kumwambia kwamba usiku ule huenda alisikia. Ndipo nyumba inapoandika jina lake ukutani na kumwita arudi kwao, yeye asiye na kwao. Awe ni mzimu au moyo wake unaomwandikia, dai ni lile lile, la mama aliyegonga.

Mwishowe wenzake wanaogopa kwamba nyumba imemteka, wanaamua aondoke. Hakuna anayemsindikiza. Anaingia garini wakimtazama, anakanyaga mafuta na kuuelekea mti mkubwa njiani. Kabla tu ya kuugonga anajiuliza kwa nini anafanya hivi, na kwa nini hawamzuii.