Damu ya Mwanakijiji na Deni la Mtafiti

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kilichogawanyika hakikuwa ndege na mabehewa ya reli peke yake. Viliachwa pia vituo vya utafiti wa maradhi, kikiwamo kile cha malaria cha Amani, katika milima ya Usambara, na kile cha Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Tanzania haikukubali vituo hivyo vife. Kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979, Bunge liliunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nayo ikaanza kazi mwaka 1980. Kenya nayo iliunda taasisi yake ya utafiti wa tiba mwaka huo huo wa 1979.

Taasisi yetu ilikabidhiwa wajibu wa kufanya utafiti, kuuratibu na kusaidia kuwafunza watafiti wazalendo. Hata hivyo, wako wananchi wanaouliza: kazi hiyo inamfaa nini mkulima wa Muheza au mvuvi wa Magu? Swali hilo si la kubezwa, kwa kuwa mkulima na mvuvi hao ndio wanaoombwa watoe damu yao ipimwe.

Tuchukue mfano wa malaria. Watu wazima wanaikumbuka klorokwini, kidonge kichungu ambacho hakikukosekana nyumbani. Mwaka 2001 serikali iliiondoa isiwe tena dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka SP. Na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto. Mabadiliko hayo hayakutokana na ndoto ya mtu ofisini. Katika vituo mbalimbali nchini watafiti walimpa mtoto mgonjwa dawa, wakamfuatilia kwa siku kadhaa, wakimchoma kidole na kuitazama damu yake kwa darubini, wapate kujua kama vimelea vimekwisha au vimerejea. Matone hayo ndiyo yaliyotoboa siri kwamba dawa ya zamani imeshindwa.

Mfano wa pili ni wa Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Taasisi ikishirikiana na AMREF na wataalamu kutoka London, ilichunguza jamii 12 za vijijini. Katika jamii sita, zahanati ziliwezeshwa kutibu vizuri zaidi magonjwa ya zinaa. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 1995, yalionyesha kuwa maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii hizo sita yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na zile nyingine. Dunia nzima ilisoma habari hiyo. Na huko Korogwe, watoto wetu walikuwa miongoni mwa walioshiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi mwaka 2021.

Hapo ndipo linapozuka deni. Aliyetoa damu ametoa mali yake. Kumwachia bendeji kidoleni na kwenda kuandika majibu kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hatayaona kamwe, ni kukopa bila kulipa. Hatuna budi kuifanya kuwa desturi isiyovunjwa kwamba hakuna utafiti uliokamilika mpaka matokeo yake yamesomwa katika mkutano wa kijiji kilekile, kwa lugha inayoeleweka, na wananchi wakapewa nafasi ya kuuliza. Hii ndiyo faida mojawapo ya kuwafunza watafiti wa hapa nchini: wanaweza kuketi na wazee wakazungumza nao bila mkalimani.

Lakini mtafiti naye anatudai. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa afya hutoka kwa wafadhili wa nje. Tunawashukuru, walakini aghalabu mwenye fedha ndiye huchagua swali, na maradhi yasiyomgusa hukaa foleni. Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwaka 2025, nchi nyingi za Afrika zilionja uchungu wa kutegemea mfuko wa jirani. Wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Basi madeni haya mawili yalipwe pamoja. Serikali na Bunge watenge fedha za kutosha, ili maswali yatokane na wagonjwa wetu wenyewe. Na watafiti warudishe majibu kule walikochukua damu. Mwananchi aliyejibiwa leo hatamficha mwanawe mtafiti atakapobisha hodi kesho. Asiyejibiwa atafunga mlango, na mlango huo ukishafungwa, hakuna darubini itakayoufungua.