Usiamini Sifuri ya Mita

Kwa mfugaji wa Madale, wilayani Kinondoni, umeme ni msaada mkubwa. Taa huwapa vifaranga joto. Pampu huvuta maji. Lakini umeme huua, nao hauonekani kwa macho. Ndiyo maana fundi huupima kwa mita. Mafundi huiita multimita. Kama unajifunza ufundi, soma haya kwa makini.

Kuchagua mita

Umeme wa nyumbani ni volti 230. Chagua mita imara iliyoandikwa CAT III 600V. Tazama nyaya zake. Kama zimechubuka, usiinunue.

Kutumia mita

Chomeka waya mweusi kwenye tundu la COM. Chomeka mwekundu kwenye tundu la V. Usiuchomeke kwenye tundu la A. Hilo ni la kupimia ampea. Ukipima soketi waya ukiwa humo, mita inaweza kulipuka mkononi.

Kisha zungusha swichi ya mita hadi kwenye V yenye alama ya wimbi. Kama kuna namba kadhaa, anza na kubwa. Kwa betri ya sola, tumia V yenye mstari ulionyooka.

Pima mara tatu

Mita ikionyesha 0, usiseme haraka kwamba umeme haupo. Huenda waya wa mita umekatika ndani. Huenda mita yenyewe ni mbovu. Ukishika waya wa banda kwa kuamini sifuri hiyo, unaweza kufa. Basi fanya hivi:

1. Pima soketi ya nyumbani unayojua ina umeme. Mita ionyeshe karibu 230.

2. Zima umeme wa bandani tu. Hakikisha hakuna mtu atakayeuwasha. Sasa pima bandani, kila waya na mwenzake, pamoja na waya wa ardhi. Mita ionyeshe 0.

3. Rudi upime tena ile soketi ya nyumbani. Ikionyesha 230, mita ni nzima. Sifuri ya bandani ni ya kweli.

Ndugu msomaji, kufunga nyaya za umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mita ya LUKU ni ya TANESCO, usiifungue. Fundi akija kwako, mtazame. Asipopima mara tatu, mkumbushe. Haraka haraka haina baraka.