Nani anastahili saa za ziada? Mfumo wa mahudhurio uulizwe vizuri

Kampuni inapofunga mfumo wa mahudhurio, macho ya wengi huwa kwenye mashine ya alama za vidole. Kazi nzito iko ndani ya programu, kwenye kanuni zinazoamua nani anastahili kulipwa nini. Zikikosewa, mtu ataweka kidole kila siku na jasho lake lisionekane kwenye hati ya mshahara.

Tuchukue saa za ziada Tanzania Bara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki; zinazozidi hapo hulipwa angalau mara 1.5 ya mshahara wa msingi. Asiyehusika ni yule anayesimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na ambaye pia anaripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Masharti ni mawili, na lazima yatimie yote. Lakini waandaaji wengi wa mfumo huchuja kwa cheo tu: ukiitwa “msimamizi”, umetolewa. Msimamizi wa zamu kiwandani, ambaye bosi wake naye ana bosi, ananyimwa haki yake kwa sababu ya cheo kilichoandikwa kwenye mkataba.

Nashauri mfumo uanze kwa kumhesabu kila mtu kuwa anastahili. Asitolewe yeyote mpaka afisa rasilimali watu ajaze anasimamia nani na anaripoti kwa nani. Taarifa zikipungua, abaki ndani.

Usiku nao una mtego. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. (Kwenye programu ni 20:00 hadi 06:00; wapo wanaoingiza 02:00.) Msimamizi wetu ana mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,000 kwa saa. Amebakizwa kazini kwa saa za ziada kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku: kila saa ni 3,000, na asilimia 5 ya hiyo ni 150. Jumla anadai 6,300. Nyongeza ikifungwa kwa wenye “zamu ya usiku” pekee, yeye wa zamu ya mchana atapoteza 300, na hakuna atakayegundua.

Kisha kuna tarehe. Akipandishwa cheo katikati ya mwezi, kanuni mpya ianzie siku ya barua yake kuanza kutumika. Bila hivyo, karani akibadilisha cheo tarehe 25, mfumo utafuta hata saa za ziada alizofanya tarehe 3.