Mbwa wanavyofunzwa kumtafuta aliyepotea msituni

MTU anapopotea katika msitu wa Mlima Kenya, upande wa Meru au Embu, jamaa na majirani humiminika humo kwa wingi kumtafuta. Wasichojua ni kwamba nyayo zao zinaweza kuivuruga njia ambayo mbwa angeifuata.

Kila mwanadamu huacha harufu yake mwenyewe, kutokana na jasho na chembe za ngozi zinazomdondoka kila apitapo. Mbwa aliyefunzwa huitofautisha harufu hiyo na ya watu wengine.

Hifadhi ya wanyamapori ya Lewa, katika Kaunti ya Meru, huwatumia mbwa wa aina hii kuwasaka majangili. Anayetafuta aliyepotea hutegemea ujuzi uo huo.

Mafunzo huanza kama mchezo. Mtu hujificha hatua chache, mbwa hunusishwa nguo yake, na akimpata hutuzwa kipande cha nyama. Pole kwa pole umbali huongezwa, harufu huachwa ichakae kwa saa kadhaa, kisha njia hukatizwa na barabara, mito na nyayo za watu wengine. Anayemwongoza naye hufunzwa kumwamini mbwa wake, hata anaposhuku mwelekeo aliouchukua.

Jua kali na upepo huipoteza harufu upesi, unyevu huihifadhi. Kwa hivyo, mwenzako akipotea, waarifu polisi mara moja, wazuie watu kupakanyaga mahali alipoonekana mwisho, na uitie nguo aliyoivaa karibuni katika mfuko safi bila kuishikashika.