Hewa ya kaboni ni ipi? Gesi mbili, jina moja

Vyombo vyetu vya habari vina mazoea ya kuita 'hewa ya kaboni' gesi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kabonimonoksaidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Ya pili ni kabonidayoksaidi, ambayo sote tunaitoa tunapopumua, na ambayo ikizidi angani huongeza joto duniani. "Si zote ni kaboni tu?" utauliza. La hasha! Hebu tutazame jinsi haidrojeni inavyotengenezwa.

Kiwandani, gesi asilia huchanganywa na mvuke wa maji katika nyuzijoto 700 hadi 1,000. Kinachopatikana huitwa gesi sanisi. Neno 'sanisi' si geni. Limo katika 'usanisinuru' wa mimea. Gesi hiyo ni mchanganyiko wa haidrojeni na kabonimonoksaidi. Mvuke ukiongezwa tena, kabonimonoksaidi huchukua oksijeni ya maji ikawa kabonidayoksaidi, na haidrojeni iliyokuwa katika maji huachwa huru. Sasa jaribu kuieleza hatua hii kwa jina letu la mazoea: "hewa ya kaboni hugeuzwa kuwa hewa ya kaboni". Hapo umemwambia msomaji nini?

Kumbe shida iko papo hapo. Kila kilo moja ya haidrojeni ya namna hii huzalisha takriban kilo tisa za kabonidayoksaidi au zaidi. Ili kuinasa, gesi hupitishwa katika kimiminiko chenye amini, ambacho huifyonza. Kimiminiko kikipashwa moto huiachilia, nayo hushindiliwa ardhini. Katika mradi wa Quest, mkoani Alberta nchini Kanada, kazi hiyo imefanywa tangu 2015: karibu tani milioni moja kwa mwaka, zikizikwa kina cha kilomita mbili hivi. Hata huko hainaswi yote, kwani moshi wa tanuri zinazopasha mitambo hiyo bado hutoka.

Haya si ya Wakanada peke yao. Haidrojeni ndiyo hutengeneza amonia, na amonia ndiyo hutengeneza mbolea ya mkulima wetu. Kwa hivyo, ukisikia bidhaa ikisifiwa kuwa imetokana na 'haidrojeni safi', usiridhike na kivumishi. Uliza: kabonidayoksaidi yake imeenda wapi, na imenaswa kiasi gani? Swali hilo haliulizwi na mtu aliyefunzwa kwamba kaboni zote ni hewa moja.