Ritifaa ya Cherang'any

Mkulima wa Cherang'any, mashariki ya Kitale, akijaza jina la eneo lake kwenye fomu ya usajili mtandaoni, tayari ameipa seva mtihani. Ritifaa iliyo katikati ya jina hilo ndiyo alama ambayo SQL, lugha ya hifadhidata, huitumia kufungua na kufunga maandishi. Programu ikilibandika jina ndani ya amri hivi hivi, hifadhidata hudhani maandishi yameishia "Cherang", kisha inakwama kwenye "any". Mjanja naye hupitia ufa huo huo kupenyeza amri zake.

PHP, lugha aliyoizindua Rasmus Lerdorf mwaka 1995, iliwahi kujitwika kazi ya kuwakinga waandishi wa programu. Mpangilio ulioitwa "magic quotes" uliweka mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa, data ilipoingia tu. Basi Cherang\'any ikaweza kuchapishwa hivyo kwenye risiti, na rekodi ikihaririwa na kuhifadhiwa tena, mikwaju inazaana. Isitoshe, seva nyingine ziliuzima mpangilio huo: programu iliyotulia Kitale ingeweza kuharibika siku ikihamishiwa seva ya Bungoma.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mpangilio mwingine, "register_globals". Chochote kilichoandikwa kwenye anwani ya ukurasa kiligeuka kigeu (jina linalobeba thamani) ndani ya programu. Mtu akiongeza ?msimamizi=1, na programu haikukipa kigeu hicho thamani ya mwanzo, amejipa cheo. Toleo la 4.2 la mwaka 2002 liliacha kuuwasha mpangilio huu bila kuombwa, lakini mipangilio yote miwili ilifutwa kabisa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Miaka kumi mizima!

Kasoro ya mipangilio yote miwili ni lugha kuamulia data kabla haijajulikana inakokwenda. Jina la eneo litaingia kwenye hifadhidata, ukurasa wa HTML, pengine SMS, na kila mahali pana kanuni zake. Lugha nzuri hukabidhi maandishi kama yalivyofika, ikieleza kama yametoka kwenye anwani, fomu au kuki, kisha hutoa zana ya kila mlango wa kutokea. PDO, zana ya kuwasiliana na hifadhidata iliyokuja na PHP 5.1 mwaka 2005, huwezesha amri kuandikwa kando na data kando. Ritifaa haina la kuharibu tena.

Lugha kukisia aina ya data nako kuna hasara. Namba ya simu ikigeuzwa hesabu hupoteza sifuri ya mbele, na PHP ikilinganisha "0712" na "712" kwa alama ==, mpaka leo inajibu kuwa ni sawa. Mtu wa Bungoma naye akiunga kiungo kwa mkono na kuandika +254, alama ya kujumlisha inafika kama nafasi tupu. Hapo si PHP inayokisia: kanuni za fomu za wavuti ndizo zinazotaka hivyo, na dawa yake ni %2B.

Ukaguzi ni kazi ya programu yenyewe, baada ya kupokea. Namba isiyoanza na 07, 01 wala +254 irudishwe kwa mwenyewe na ujumbe unaoeleweka, na alichokiandika kibaki kwenye kisanduku akirekebishe.